Kilebu asiye na mama: joto kwanza, maziwa baadaye

Shuleni tulikariri vikembe: wa ng'ombe ndama, wa kuku kifaranga, wa mbwa kilebu. Hakuna mwalimu aliyetuambia la kufanya kilebu akiachwa na mamake akiwa na siku moja, macho yamefumba, analia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Mimi hutibu mifugo upande wa Njoro, na Kisumu nikiwatembelea mashemeji. Kwa kuwa hapa kwetu yeyote anayeonekana na sindano ya ng'ombe huitwa daktari, maswali haya hunifikia hata saa nane za usiku.

Daktari, mbwa wetu alizaa juzi, leo tumemkuta amekufa. Watoto tumewapashia maziwa lakini hawanyonyi, mmoja amelegea kabisa. Tufanye nini?

Yaweke hayo maziwa kando kwanza. Kilebu wa wiki ya kwanza hajui hata kutetemeka. Joto lake analipata kwa mamake na kwa ndugu zake. Mwili wake huwa na nyuzi 35 hadi 37 hivi, na akishuka chini ya 35 utumbo unaacha kufanya kazi. Maziwa unayomtilia hayasagwi. Yanakaa tumboni, tumbo linafura, au yanarudi juu na kuingia mapafuni. Wengi ninaoletewa wakiwa wamekufa hawakufa kwa njaa. Walilishwa wakiwa baridi, na watu wenye huruma.

Huna kipimajoto? Nawa mikono, umtie ncha ya kidole kidogo mdomoni. Ukihisi ubaridi na hafyonzi, huyo anataka joto. Mpashe polepole, kwa saa 1 hadi 3. Usimtumbukize kwenye maji moto wala usimweke karibu na mafiga, kwa maana ngozi itaungua kabla ndani hakujapata moto.

Bibi mmoja alinijia na wawili ndani ya kikapu, wamekakamaa kama soksi zilizoanikwa usiku. Sufuria ya maziwa ilikuwa tayari mekoni. Nilimwambia awatie kifuani ndani ya sweta, ngozi kwa ngozi, afunge leso juu yake kama anayebeba mtoto, kisha aendelee kumenya viazi vyake. Ilipita saa moja na zaidi, sweta likaanza kucheza. Mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta titi kwapani. Bibi akacheka mpaka kisu kikamwanguka. Hapo ndipo tulipopasha maziwa upya.

Yule aliyelegea, akiwa bado anapata joto, mpake matone mawili matatu ya maji ya glukosi au sukari kwenye ufizi. Kwenye ufizi tu, usimmiminie kooni.

Usiku je? Sisi tuko Molo na stima hupotea.

Molo iko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kilebu wenu atasikia baridi kuliko wa Kisumu, ambako ni kama mita 1,130 tu. Wiki ya kwanza mahali anapolala panatakiwa pawe na nyuzi 29 hadi 32. Kadiri anavyokua mnapunguza, na akifika wiki ya 4 nyuzi 21 hadi 24 zinamtosha. Tafuteni katoni yenye kingo ndefu. Jazeni chupa ya plastiki maji ya moto, muizungushie taulo, muiweke upande mmoja tu, ili akisikia joto limezidi ajikokote hadi upande wa pili. Badilisheni maji kila mnapomlisha. Mwenye stima anaweza kutumia bulbu ya vifaranga, ila aipandishe juu.

Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, hapana. Moshi wake usioonekana huua kilebu, na unaweza kukuua wewe pia.

Na nyinyi wa Kakamega na Vihiga msisahau siafu. Katoni ikae juu ya meza, kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji. Nimeona walichoacha siafu usiku mmoja, na sitakielezea hapa.

Si maziwa ya ng'ombe yanatosha? Tunayakama wenyewe.

Yangetosha kama angekuwa ndama. Maziwa ya mbwa ni mazito: protini na mafuta yake ni kama mara mbili ya yale ya ng'ombe, ilhali sukari yake ya maziwa ni kidogo. Ukimpa ya ng'ombe matupu ananyonya, anashiba maji, kisha anaharisha. Ya mbuzi hayana tofauti kubwa, japo watu huyasifu mno.

Lililo bora kuliko yote ni mbwa mwingine anayenyonyesha. Ulizieni kijijini. Msugueni kilebu kwa kitambaa walicholalia watoto wa huyo mama mpya, mmpenyeze katikati yao, na mkae hapo mkitazama saa nzima ya kwanza. Ikiwa hajanyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mamake, kila dakika ina thamani, kwa sababu utumbo hupokea kinga iliyo kwenye dang'a katika saa 24 za mwanzo tu, kisha mlango unafungwa.

La pili ni maziwa ya unga ya watoto wa mbwa. Agroveti (maduka ya dawa za mifugo) kubwa za Nakuru na Kisumu huwa nayo au hukuagizia. Wakati yanasubiriwa, tumia haya kwa siku moja au mbili: kikombe kimoja cha maziwa halisi yaliyochemshwa yakapoa, viini 3 vya mayai bila ule ute mweupe, kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia na chumvi kidogo mno. Koroga, chuja kwa kichujio cha chai, hifadhi mahali baridi, na yasiyotumika kesho yake mwaga. Pasha yale ya mlo mmoja tu, yawe vuguvugu kama ya mtoto. Jaribu kwenye kifundo cha mkono.

Nimpe kiasi gani?

Nenda na mizani. Ya jikoni ikikosekana, mwenye duka wa kupima sukari hatakunyima, atakucheka tu. Kwa kila gramu 100 za uzito, wiki ya kwanza anataka mililita 15 hadi 20 kwa siku nzima. Kwa hiyo kilebu wa gramu 300 atapata mililita 45 hadi 60, ukigawanya mara 8 ni mililita 6 au 7 kila baada ya saa 3, usiku nao ukiwemo. Kwa mlo mmoja usipite mililita 4 kwa kila gramu 100, maana tumbo lake ndipo linapoishia. Kuanzia wiki ya 2 unaweza kusogeza hadi kila baada ya saa 4.

Andika uzito kila siku saa ile ile. Anatakiwa aongezeke kila siku, na awe amefikia mara mbili ya uzito wa kuzaliwa akiwa na siku 8 hadi 10. Asipoongezeka kwa siku nzima, mpigie daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Namshikaje?

Kifudifudi, tumbo chini, kichwa kimeinuka kidogo, kama angekuwa kwa mamake. Wa kwanza niliyemlea mimi nilimlaza chali kama mtoto wa binadamu nikamsukumia maziwa kwa sirinji. Alikohoa mara moja, povu likatoka puani. Siku ya pili alikuwa akipumua kwa kukoroma, na jioni akafa. Nilikuwa nimemzamisha kwa mkono wangu mwenyewe. Siku hizi natumia chupa ndogo yenye chuchu, tundu lake dogo, ukiipindua maziwa yadondoke tone moja moja. Avute mwenyewe. Ukikosa chupa, sirinji bila sindano, tone kwa tone kwenye ulimi, na anayeshindwa kumeza asilishwe kabisa mpaka aonwe na daktari.

Amekula vizuri ila tangu jana hajaenda haja.

Hawezi peke yake. Mamake humlamba. Chukua pamba yenye maji vuguvugu umpanguse taratibu sehemu za chini kila baada ya mlo, mpaka mkojo na choo vitoke. Fanya hivyo mpaka afike wiki ya 3 hivi.

Mama yuko hai lakini anamsukuma mmoja kila mara.

Usimlaumu upesi. Mguse huyo mtoto: akiwa baridi, mpashe joto umrudishe, na mara nyingi mama humpokea. Fungua kinywa uangalie paa lake. Likiwa na mpasuko, maziwa yatakuwa yakitokea puani, na hilo ni la daktari. Halafu mwangalie mama. Titi lililovimba, jekundu na la moto linamuuma, ndiyo maana anafukuza. Akianza kutetemeka, kuhema na kukaza miguu, kalisi (kalsiamu) imemwishia mwilini. Ondoa watoto na umkimbize kwa daktari, ni suala la saa chache.

Ana viroboto kama pilipili. Nimwogeshe na ile dawa ya ng'ombe?

La hasha. Dawa ya kupe ya ng'ombe ni sumu kwake, hata ukiiongeza maji. Mwoshe haraka kwa maji vuguvugu na sabuni ya kawaida, mkaushe mpaka manyoya yote yakauke, kisha chanuo lenye meno membamba. Usiwapuuze viroboto lakini; wakiwa wengi humkausha damu. Tandiko lichemshwe.

Minyoo nayo hupita kwa mama, tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki 2, hurudiwa kila wiki 2 hadi wiki 8, kisha kila mwezi. Ipimwe kwa uzito. Minyoo hiyo hiyo huwaingia watoto wetu kupitia udongo wenye mayai yake, na inaweza kufika hata jichoni, basi wanawe mikono.

Tunamlikiza lini?

Macho hufunguka siku ya 10 hadi 14, na meno ya maziwa hutokeza wiki ya 3 au 4. Ukihisi meno kwenye chuchu ya chupa, lete sahani bapa. Mara ya kwanza ataikanyaga, atatumbukiza pua, atapiga chafya na kuondoka na masharubu ya uji. Mwache. Weka chakula kiwe chepesi kama uji, kila siku kizito kidogo, huku ukipunguza chupa moja moja, na kati ya wiki ya 6 na ya 8 awe ameiacha. Milo 4 kwa siku, na maji safi yawepo daima.

Ugali mtupu ndio unaotuletea mbwa wenye miguu ya upinde. Kutoka ziwani tuna bahati ya omena, yaani dagaa: zioshe mchanga utoke, zikaange bila mafuta wala chumvi, zitwange mpaka ziwe unga. Mifupa yake ndiyo kalisi. Changanya na ugali laini, yai la kuchemsha na maziwa kidogo, ugali usizidi nusu. Biskuti za vilebu zilizolowekwa ni bora zaidi kwa mwenye uwezo. Asipewe vitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Na mahindi yaliyoota ukungu, yale tunayosema "hayo ni ya mbwa", yana aflatoksini, sumu inayoua ini lake.

Mama alikufa akitoa mate na kuuma kila kitu. Watoto tuwalee?

Msiwaguse. Hicho chaweza kuwa kichaa cha mbwa. Pigeni simu ofisi ya mifugo ya kaunti. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali leo akachanjwe. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo kufikia 2030, na njia kuu ni chanjo ya mbwa wenyewe. Wako achanjwe akifika miezi 3. Chanjo nyingine huanza wiki ya 6 hadi 8. Mwambie daktari kwamba hakunyonya dang'a, huenda akaanza mapema.

Jirani anamtaka sasa, ana wiki tano.

Asubiri hadi ya 8. Kilebu aliyelelewa peke yake hakuumwa na ndugu zake wakicheza, kwa hiyo hajui meno yanauma. Akikung'ata, piga yowe fupi, uache mchezo, umgeuzie mgongo. Akikaribia mbwa mpole aliyechanjwa, waache wacheze. Jirani akija kumchukua, mpe pia ile karatasi ya uzito na tarehe za dawa ya minyoo, na kitambaa alicholalia.