Uliacha nini kwenye kompyuta ya steshenari?

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye steshenari kule Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, aliniita kwa sababu kompyuta yake "imechoka". Kuprinti kurasa mbili kulikuwa kunakula dakika kumi, foleni ya wanafunzi imetoka nje hadi juani, na kijana wa kaunta keshaacha kuitikia salamu. Nikakaa. Diski imejaa pomoni. Kufungua folda ya vitu vilivyopakuliwa, nikakuta mafaili zaidi ya elfu tatu.

Sikutaka kuchungulia, lakini majina ya mafaili yanajisoma yenyewe. "CV mpya mpya 2". "NIDA ya mama". "Cheti fom foo safi". "Barua ya mtaa imesainiwa". Kuna aliyeacha hata skani ya kadi ya kliniki ya mtoto.

Kazi yangu ni kompyuta, na kila ninapoitwa kuzungumzia usalama wa taarifa, swali la kwanza huwa la wadukuzi wa ng'ambo. Sijawahi kukutana nao. Ninaokutana nao ni watu waliozipeleka taarifa zao kwa miguu yao, wakalipia kila ukurasa, wakaaga vizuri na kuondoka.

Chukua bahasha moja tu ya maombi ya kazi. Kuna jina lako kamili, simu, sahihi, picha, majina ya wazazi kwenye cheti cha kuzaliwa, na namba za wadhamini ambao pengine hata hujawaambia. Kisha kuna namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Sasa jiulize kimoyomoyo, namba yako ya siri ya pesa za simu ni ipi? Kama ni mwaka uliozaliwa, basi umeiandika wewe mwenyewe kwenye kila kopi ya kitambulisho uliyowahi kutoa. Mimi yangu ilikuwa hivyo hivyo kwa miaka, tusidanganyane.

"Lakini mimi huwa nafuta, fundi." Sawa. Faili ulilofuta huenda kwanza kwenye pipa la kompyuta, na hapo yeyote anaweza kulirudisha kwa kubofya mara mbili. Ukimwaga na pipa, kompyuta haifuti maandishi. Inafuta tu mahali ilipoandika kwamba faili hilo liko wapi. Ni sawa na kung'oa kibao cha anwani ya makazi ukutani: nyumba haijabomolewa. Maandishi hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Mama mwenye duka hakuniamini, kwa hiyo nikamwomba afute orodha yake ya madeni ya daftari, amwage pipa, kisha nikawasha programu moja ya bure ya kurudisha mafaili. Dakika chache tu, madeni hayo, na jina la shemeji yake juu kabisa. Alicheka, halafu akanyamaza. Diski za kisasa zisizozunguka huwa na kawaida ya kujisafisha zenyewe, ila kompyuta nyingi za steshenari ni za mtumba zenye diski za zamani. Fleshi ndiyo usiseme: faili likifutwa humo halipiti hata kwenye pipa, lakini kurudishwa linarudishwa vilevile.

Siku hizi wengi hawaji na fleshi. Kijana anakwambia "nirushie WhatsApp", unatuma cheti kwenye namba ya duka, kinaprintiwa, unaenda zako. Cheti kimebaki kwenye simu ya duka na kwenye kompyuta iliyounganishwa nayo. Una siku mbili na ushee za kukifuta kwa wote, na hata hapo, kama kilishapakuliwa, kile cha kwenye kompyuta hukigusi.

Kinachoniuma kuliko vyote, hata hivyo, ni barua pepe za kufunguliwa. Binti mmoja alinijia ameshindwa kuingia kwenye akaunti aliyoitumia kuombea mkopo wa chuo. Nikamuuliza nani aliifungua. "Kaka wa steshenari, wakati namaliza fom siksi." Neno la siri alilichagua kaka, na namba ya simu ya kurudishia akaunti ilikuwa ya kaka vilevile, kwa sababu siku ile binti hakuwa na laini yake. Tukampigia. Laini haipatikani. Kwa hiyo kila ujumbe kuhusu mkopo wake unaingia kwenye nyumba ambayo ufunguo anao mtu asiyejulikana alipo. Sikuwa na ujanja wa kiufundi wa kumsaidia. Alianza kuzunguka ofisi kwa ofisi kubadilisha anwani.

Ukiwa na simu yako mwenyewe, fungua barua pepe humo humo, kwa namba yako. Ukilazimika kuingia kwenye kompyuta ya watu, tumia dirisha fiche la kivinjari (incognito), uprinti kiambatisho bila kukipakua, na ufunge madirisha yote kabla hujainuka. Dirisha fiche husahau kurasa ulizotembelea na akaunti uliyoingia, lakini faili ulilopakua hulibakiza kama kawaida. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kama umeshaondoka na roho haijatulia, ingia kwenye akaunti ya Google kwa simu, sehemu ya usalama, uone vifaa vyote vilivyo wazi na uvitoe. WhatsApp nayo ina orodha yake ya vifaa vilivyounganishwa. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani kufuli la pili la kuingilia, kwenye zote mbili. Na piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iripoti leo hii.

Wenye maduka nao hawako nje ya mchezo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa asikae nazo kupita hitaji lililomfanya azichukue, na hitaji la steshenari huisha karatasi ikishatoka kwenye printa.

Ile kompyuta ya Ng'ong'ona niliisafisha, nikaiwekea akaunti ya wageni inayojifuta ikifungwa, na mama akamwagiza kijana amuulize kila mteja, "Nifute?" Nilipopita wiki iliyofuata kuchukua hela yangu iliyobaki, nilimkuta mwanafunzi mmoja kaunta. Kijana akauliza kama alivyoagizwa. Mwanafunzi akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "Acha tu kaka, kesho narudi kuprinti tena."