Macho hayamtaji mafia

Jumamosi iliyopita tulicheza Mafia, mchezo wa kadi za siri ambao mafia wachache huua mtu usiku, na mchana wote hupiga kura kumtoa wanayemshuku. Mezani kwetu hapa Dar es Salaam, msichana mmoja alitolewa mchana wa kwanza kwa kura saba kati ya kumi. Kosa lake ni kwamba alipoulizwa kama yeye ni mafia, aliinamisha macho akawa anachezea kizibo cha soda. "Mnamwona? Hata kuniangalia hawezi!" akasema kaka aliyemshtaki, anayemzidi umri kwa miaka kama kumi na mitano. Nikafunua kadi yake: daktari, mwenye kazi ya kumlinda mtu usiku. Usiku ule mpelelezi, mwenye kazi ya kuwachunguza mafia, akauawa, hakuna wa kumlinda, na usiku wa tatu mji ukawa wa mafia.

Nimeusimamia mchezo huu kwa miaka tisa na hili la macho limenichosha kabisa.

Wengi wetu tumelelewa tusimkodolee macho mkubwa. Mzazi akikukaripia unatazama chini. Ukimkazia macho, huna adabu. Halafu tukikaa mezani, heshima ileile tunaigeuza ushahidi. Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2006 watafiti walioongozwa na Charles Bond walichapisha majibu ya watu wa nchi 58 walioulizwa mwongo hujulikanaje. Jibu lililoongoza: hukwepa macho. Mwaka huohuo Bond na Bella DePaulo walijumlisha majaribio mengi ya kutambua uongo, wakakuta watu hupatia kwa wastani wa asilimia 54. Ukirusha shilingi unapata 50. Na mafia anajua fika kwamba unamtazama macho, kwa hiyo hayo ndiyo anayoyatengeneza mwanzo.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wanatafuta mwongo, wakati mezani karibu kila mwenye kazi anadanganya. Daktari husema "mimi raia tu", na asiposema hivyo hafiki asubuhi. Mpelelezi aliyekwisha kumpata mafia anaweza kujifanya hana habari mchana kutwa. Ukimnasa mtu na uongo, bado hujajua anadanganya kwa faida ya nani. Nimeona mpelelezi akinyongwa kwa kura kwa sababu maneno yake ya jana na ya leo hayakulingana. Kweli hayakulingana! Alikuwa anajificha, kama inavyompasa.

Dimitry Davidoff, aliyeubuni mchezo huu mwaka 1986 akiwa Chuo Kikuu cha Moscow, aliujenga juu ya jambo moja: wachache wanaojua dhidi ya wengi wasiojua. Basi mtafute anayejua. Raia anapapasa gizani. Anamshuku mtu, anamwachia, anamrudia tena; anauliza swali kwa sababu jibu analihitaji. Mafia anauliza ili aonekane anauliza. Mimi swali huliacha lipite, nikasubiri jibu lake. Baada ya jibu, je, huyu aliyeuliza amesogea popote? Amepunguza shaka, ameiongeza, amehamia kwa mwingine? Asiposogea mara ya kwanza nanyamaza. Asiposogea mara ya tatu, nikiwa mchezaji, kura yangu anayo.

Kisha kura zenyewe. Ziandike, pamoja na mpangilio wake: nani alianza, nani alidandia mtu akiwa ameshazama. Mafia mmoja akifunuliwa, rudi kwenye karatasi utafute aliyemtetea kwa upole, yule wa "tumpe nafasi kidogo". Tafuta pia wawili ambao siku zote hawajawahi kutajana, si kwa wema wala kwa ubaya.

Karatasi nayo ina udhaifu wake. Mafia mzoefu humtoa mwenzake kafara mchana wa kwanza kabisa, na karatasi ikamsafisha. Mwaka jana nilimtetea mtu wa namna hiyo mpaka tukabaki watatu. Na mgeni mwenye hofu hatafuti kitu, amekaa kimya tu kama mafia aliyejificha. Kuwatenganisha hao wawili sijapata njia. Hata mdogo wangu, ambaye huwa naapa kwamba namjua kwa sababu akiwa mafia hucheka kidogo, amenipiga chenga mara kadhaa. Huenda nazikumbuka zaidi zile nilizopatia.

Yule msichana, kabla ya kuinamisha macho, alikuwa amemwuliza jirani yake kwa nini alibadili neno lake kuhusu usiku. Alipojibiwa, akafikiri kidogo, akaiondoa kura yake kwa jirani na kuipeleka kwa mtu mwingine, ambaye kweli alikuwa mafia. Niliiandika palepale kwenye karatasi yangu. Msimamizi haruhusiwi kusema neno.