Rushwa ya ngono vyuoni ni nini hasa?

Rushwa ya ngono ni pale mwenye mamlaka anapodai ngono ili atoe kitu kilicho mikononi mwake. Maofisini kitu hicho huwa ajira au cheo. Chuoni huwa alama.

Nchini Tanzania ni kosa la jinai. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamhusu anayetumia madaraka yake kudai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo, upendeleo au haki. Hiyo haki ndiyo watu huisahau. Zikisikika habari hizi, utaambiwa binti alitaka njia ya mkato. Kumbe huenda mtihani alishafaulu, alama zake zimekaliwa tu. Tena kosa linatimia kwenye kudai, hata kama aliyeombwa alikataa akaondoka zake. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa maoni yangu, ni nyepesi mno kwa mtu anayeweza kukatisha masomo ya mwenzake.

Mwanya wenyewe uko wapi? Zaidi uko kwenye koswek, yaani kazi na majaribio ya katikati ya muhula. Mtihani wa mwisho wa muhula una namba badala ya jina, na watahini wa nje huupitia. Koswek, ambayo vyuo vingi huipa alama 40 kati ya 100, hubaki kwenye daftari la mhadhiri mmoja anayekujua kwa sura. Utafiti wa mwaka wa mwisho nao una msimamizi mmoja, na asiposaini hutahitimu. Ukishatishwa kwa sapu (kurudia mtihani) au kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), huku mkopo wa Bodi ya Mikopo ukitegemea matokeo, kusema hapana si jambo jepesi.

Wavulana nao huombwa, ila mzigo mkubwa uko kwa wasichana, na unawafika hata wasioguswa kabisa: msichana akipata A, wapo watakaouliza aliipataje.

Ndiyo maana harakati za usawa wa kijinsia vyuoni zimelivalia njuga suala hili. Mabango na fulana vina kazi yake, lakini madai yenye meno ni ya kiutaratibu: koswek zirudishwe na kubandikwa mapema, wasahihishaji wawe wawili, na malalamiko yasipitie kwa mkuu wa idara ileile ya mlalamikiwa. Mwaka 2021 Serikali ilitoa mwongozo wa kuanzisha madawati ya jinsia katika vyuo vya elimu ya juu na ya kati. Dawati hupokea malalamiko kwa siri. Likiwekwa chumba kinachotazamana na ofisi za wahadhiri, siri hiyo ni ya jina tu.

Kuna jambo jingine linalotatiza. Katika rushwa ya fedha, mtoaji na mpokeaji wote wana hatia. Hapa aliyelazimishwa ni mhanga, na kumhesabu kuwa mtoaji mwenye hatia ni kumfunga mdomo. Mwaka 2024 mapendekezo ya kurekebisha sheria yalielekea kumtia hatiani mtoaji, wanaharakati wakapinga, na kipengele hicho kikaondolewa.

Ukiombwa, usifute ujumbe wala rekodi za simu. TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, hupokea taarifa bure kwa namba 113, na huweza kuweka mtego, hivyo wapigie kabla ya siku uliyoambiwa uende.