Agnes wa Roma: kaburi lililotangulia masimulizi

Katika miaka yangu ya kufundisha historia ya Kanisa la kale, swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu Mtakatifu Agnes, bikira na mfiadini, ni kama alikufa kwa moto au kwa upanga. Huwa silijibu mara moja, kwa kuwa mashahidi wetu wa zamani hawasemi jambo lilelile, na ni katika kupishana kwao ndipo tunapoona jinsi heshima kwa binti huyu ilivyoanza.

Ushahidi wa kwanza ni mstari mmoja tu. Katika orodha ya wafiadini wa Roma iliyohifadhiwa ndani ya mkusanyo wa mwaka 354, tarehe 21 Januari imeandikiwa jina la Agnes pamoja na mahali pa kumkumbuka, yaani barabara ya Nomentana. Umri wake haukutajwa, wala hakimu, wala muujiza wowote. Waumini waliijua siku na kaburi, wakaenda huko kusali, na Konstantina, binti wa Kaisari Konstantino, alijenga karibu na kaburi hilo basilika kubwa, kisha yeye mwenyewe akazikwa jirani yake.

Masimulizi yalifuata baadaye. Ambrosi, askofu wa Milano, alipoandika juu ya ubikira mwaka 377, alisema kwamba Agnes alikuwa na miaka 12, kisha akaueleza udogo huo kwa namna ambayo kila mzazi ataielewa: wasichana wa umri ule hawastahimili hata jicho kali la wazazi wao, na wakichomwa na sindano hulia kana kwamba wamejeruhiwa, lakini huyu alisimama mbele ya upanga ilhali hapakupatikana pingu za kuvibana viungo vyake vyembamba. Aliyetetemeka mkono ni mwuaji. Kwangu hakuna ukurasa juu ya Agnes unaoupita huo.

Papa Damaso I, aliyeongoza Kanisa la Roma kuanzia 366 hadi 384, yeye anataja moto. Shairi lake lilichongwa kwenye bamba la marmari ambalo lilifukuliwa mwaka 1728 katika sakafu ya basilika ya Nomentana, likiwa limetumika kifudifudi kama jiwe la kukanyagia. Anasimulia kwamba tarumbeta ilipolia kwa huzuni, binti aliacha mapaja ya mlezi wake, akavikanyaga vitisho vya mtesi, na alipovuliwa nguo ili achomwe alizitandaza nywele zake zifunike mwili, hekalu la Bwana lisionwe na macho ya wanadamu. Naomba msomaji aangalie maneno ya ufunguzi: Damaso anasema habari hizo ni sifa iliyovuma, iliyopokewa kutoka kwa wazazi. Alikuwa mkweli juu ya asili ya alichokiandika.

Mshairi Prudentius wa Hispania anaurudisha upanga, na kuongeza kwamba kwanza Agnes aliwekwa mahali pa makahaba, ambako kijana aliyemtazama kwa tamaa alipofuka. Jambo la danguro linawatia wengi aibu, ila lina msingi katika ukatili wa Kirumi wenyewe, maana mwanahistoria Tacitus anaeleza kwamba binti wa Sejanus, mkuu wa walinzi wa Kaisari Tiberio, alinajisiwa kabla ya kunyongwa, kwa sababu haikuwa desturi bikira apewe adhabu ya kifo.

Papa Honorius I, aliyelijenga upya kanisa la kaburini kati ya 625 na 638, hakuchagua upande. Katika mozaiki ya juu ya altare Agnes amesimama katika mavazi ya kifahari kama malkia, upanga ukiwa miguuni pake na ndimi za moto pande zote mbili. Mwana-kondoo tuliyemzoea katika sanamu zake hayupo pale, ingawa katika mozaiki za Ravenna za karne ya 6 tayari yuko miguuni pake. Kondoo huyo ametokana na jina: kwa Kigiriki linamaanisha aliye safi, lakini masikio ya Kilatini yalisikia ndani yake neno agnus, yaani mwana-kondoo, na Agostino alizieleza maana zote mbili mahubirini.

Kutokana na jina hilo, wana-kondoo hubarikiwa Roma katika kumbukumbu yake, na sufu yao hufumwa Palio Takatifu, ule ukanda mweupe wenye misalaba sita myeusi, unaobarikiwa tarehe 29 Juni kwa ajili ya maaskofu wakuu wapya wa majimbo makuu, wakiwamo wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Askofu mkuu akiuvaa na kusali Kanuni ya Kirumi, ile sala kuu ya kale ya Misa, hufika mahali pa kumtaja Agnes kwa jina, kati ya Lusia na Sesilia.