Nyumba Kufungwa si Kuachiwa na Sheria

Kuna kauli inayozunguka sana miongoni mwa wanaonunua nyumba kuukuu Mombasa: ukishatia kufuli, bila mpangaji ndani, kaunti haina la kukuuliza, wewe ngoja tu bei ya kiwanja ipande. Si kweli. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, kero (yaani hali inayohatarisha afya) ikitokana na ubovu wa jengo lenyewe, au nyumba ikiwa haina mtu, notisi humwendea mwenye nyumba. Kumtoa mpangaji kunakuacha peke yako mbele ya afisa wa afya. (Katika mtaa wa Majengo, ambako mwenye nyumba na mwenye kiwanja mara nyingi ni watu wawili, ulizia jambo hilo kabla hujalipa.)

Halafu kuna Mji wa Kale, na huko ndiko wawekezaji huumia zaidi. Ni eneo la hifadhi: kubadili sura ya jengo, roshani au mlango wa nakshi kunahitaji idhini, hata kama hati ni yako. Wala kupiga saruji si kutunza. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Saruji huufungia unyevu na chumvi ndani, na boriti za mikoko huanza kuoza pale vichwa vinapoingia ukutani. Lipu ya chokaa ndiyo inayoufaa.

Ukianza ujenzi bila kibali, sheria ya mipango ya mwaka 2019 inaruhusu faini hadi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. "Nilikuwa napaka rangi tu" haisaidii ukuta ukiwa umeshahama.