Fomata haijui ulichokusudia

Nimeandikiwa tena vilevile chini ya mabadiliko ya usanidi (configuration): “Nimeshapitisha fmt, iko sawa, iingie tu.” Hapana, ndugu yangu. fmt ni fomata, yaani programu inayopanga sura ya faili tu. Kuipitisha hakuthibitishi kwamba usanidi wako ni sahihi, na imani hii inaangusha seva za watu.

Chukua Terraform, zana ya kuunda seva na mitandao kwa kuiandika kwenye faili. `terraform fmt` inajongeza mistari kwa nafasi mbili na kupanga alama za = za mistari inayofuatana zikae safu moja. Haikati mistari mirefu, wala haipangi vipengele kwa alfabeti. Ukiandika kanuni ya firewall inayofungua bandari 22 (ya SSH, ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kwa `0.0.0.0/0`, yaani kwa dunia nzima, itakunyooshea alama za = na mlango utabaki wazi. `terraform validate` nayo itaikubali, maana kisarufi hakuna kosa. Kinachokuonyesha kitakachobadilika ni `terraform plan`, na lazima mtu aisome.

Kwenye YAML, muundo mwingine wa faili za usanidi, ndiko uvumilivu unaniishia. Huko nafasi zinabeba maana. Tazama kipande hiki cha GitHub Actions, huduma ya GitHub inayojenga na kupima msimbo yenyewe:

```
steps:
  - run: make test
    timeout-minutes: 5
```

Hapo kikomo cha dakika 5 ni cha hatua hiyo moja. Sogeza mstari wa mwisho kushoto ulingane na `steps`, na kikomo kinakuwa cha jobu nzima: kupakua, kujenga, kupima, vyote ndani ya dakika 5. Namna zote mbili ni halali. Prettier, fomata nyingine, itaziacha zilivyo, na inafanya vyema, kwa sababu kazi yake ni kubadili sura bila kugusa maana. Siku itakapoanza kubahatisha mstari ulipaswa kukaa wapi, nitaiondoa siku hiyohiyo.

`python-version: 3.10` ni mtego wa aina hiyohiyo. Bila alama za nukuu hiyo ni namba, na namba 3.10 ni sawa na 3.1. Faili limepangika vizuri, toleo siyo. Andika `"3.10"`.

Fomata naipenda, na ninaidai kwenye kila ripo (hifadhi ya msimbo). Inamaliza ubishi wa nafasi mbili au nne, na anayekagua anabaki na mabadiliko yenye maana tu. Kwenye CI, ukaguzi unaojiendesha kila msimbo unapobadilika, weka `terraform fmt -check -recursive`. Ukisahau `-recursive`, folda za ndani hazikaguliwi. Ripo la zamani lipangwe kwa komiti (commit, yaani badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) yake peke yake, isichanganywe na kazi nyingine, kisha namba ya komiti hiyo iingie kwenye faili mtakaloliweka kwenye `blame.ignoreRevsFile`. Git inalitambua tangu 2.23 ya mwaka 2019, na `git blame`, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, haitamtaja aliyepanga kana kwamba ndiye aliyeandika.

Kinachonitia shaka ni ule mpangilio wa alama za =. Ongeza kipengele kimoja chenye jina refu, na majirani zake wote wanasogea. Diff, yaani orodha ya mistari iliyobadilika, inaonyesha mistari sita ilhali umegusa mmoja. Mimi hutenga vikundi kwa mstari mtupu, maana fmt hupanga kila kikundi kivyake. Faili linarefuka, na baadhi ya wenzangu wanaona heri diff yenye kelele kuliko mianya hiyo. Sijapata hoja ya kuwashinda.