Mtoto Anapumua Haraka, Mnasubiri Nini? Maswali na Majibu Kuhusu Magonjwa ya Mfumo wa Upumuaji

Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa mara nyingi na wazazi na wagonjwa. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kuliko mengine kwa sababu ndiyo yanayohusu makosa ninayoendelea kuyaona, makosa ambayo yanagharimu uhai wa watoto waliokuwa na uwezo wa kupona.

Magonjwa ya mfumo wa upumuaji yanayotokea mara nyingi ni yapi?

Mafua ni maambukizi ya virusi katika pua na koo. Mkamba ni uvimbe wa mirija inayopeleka hewa mapafuni. Nimonia ni maambukizi ya mapafu yenyewe, ambapo vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji na usaha, hewa ikakosa nafasi. Pumu ni ugonjwa wa muda mrefu ambao mirija ya hewa hubana na kuachia, na kifua kikuu husababishwa na bakteria waenezwao kwa hewa. Yote haya huleta kikohozi, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kuwa hukitazama kikohozi na kuisahau pumzi.

Nitajuaje kwamba mtoto wangu ana nimonia na si mafua ya kawaida?

Hesabu pumzi zake. Subiri atulie au alale, mfunue nguo hadi uone kifua na tumbo, kisha uhesabu kila mara kifua kinapoinuka kwa dakika 1 nzima kwa kutazama saa. Usihesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha, kwa sababu mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka. Wa miezi 2 hadi 11, kiwango ni 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kwa kichanga wa chini ya miezi 2, rudia kuhesabu. Ukipata 60 au zaidi kwa mara ya pili, ondoka nyumbani.

Tazama pia sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia. Mtoto asiye na tatizo anapovuta pumzi, kifua na tumbo hutanuka pamoja. Mwenye nimonia kali akivuta pumzi, sehemu hiyo hubonyea ndani, kwa sababu anatumia nguvu zake zote kuingiza hewa kidogo tu. Mara nyingi mtoto huletwa amefungwa nguo tatu na blanketi juu yake, na mama anasema kwa uhakika kwamba ni mafua; tunapomfunua ndipo mama mwenyewe anapoona mbavu zikiingia na kutoka, na anashtuka kwa sababu hakuwa amekiangalia kifua hicho kikiwa wazi kwa siku tatu.

Je, nisubiri kwanza nione kama dawa ya kikohozi itamsaidia?

Hapana. Mtoto anayepumua haraka au anayebonyea kifua apelekwe kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo. Si kesho asubuhi, wala si baada ya chupa kwisha.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wazazi wengi huja na mfuko wenye chupa mbili au tatu za dawa ya maji, kila moja imetumika nusu. Dawa hizo haziui bakteria waliomo mapafuni. Nyingine zina kemikali zinazolevya usingizi, na mtoto akilala kwa sababu ya dawa, mzazi hudhani amepata nafuu, ilhali ugonjwa unaendelea. Kwa mafua ya kawaida, kinachohitajika ni vinywaji vya mara kwa mara, maziwa ya mama kwa anayenyonya, kumsafisha pua ili aweze kunyonya, na dawa ya kushusha homa ikiwa ipo. Asali inaweza kutuliza koo, lakini mtoto aliye chini ya mwaka 1 asipewe kamwe.

Lakini mwili wake haujachemka sana. Bado inaweza kuwa nimonia?

Ndiyo, inaweza. Watoto wachanga na wenye utapiamlo huweza kuwa na nimonia kali bila homa, na kichanga anaweza hata kuwa wa baridi. Kukosekana kwa homa kusikufanye usubiri. Nakuomba ukubali kuamini pumzi kuliko kiganja ulichoweka juu ya paji la uso wake.

Ni dalili zipi zinazohitaji haraka zaidi?

Mtoto anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, anayelala mno na kuamka kwa shida, anayetoa sauti ya mkwaruzo anapovuta pumzi akiwa ametulia, au ambaye midomo na ulimi vimekuwa vya buluu, apelekwe mara moja, usiku au mchana.

Nina antibayotiki zilizobaki nyumbani. Nikimpa hizo si nitaokoa muda?

Utaupoteza. Kwanza, mafua husababishwa na virusi na antibayotiki haziviui. Pili, kama ni nimonia ya bakteria, dawa uliyo nayo huenda si yake, na kipimo hukijui, kwa kuwa mtoto hupimwa uzito kabla ya kuandikiwa dawa. Dozi pungufu huwaacha hai bakteria wenye nguvu, kisha hutusumbua sote. Na kama zimebaki, maana yake kuna mtu ndani ya nyumba hiyohiyo ambaye hakumaliza dozi yake.

Akifika hospitalini atatibiwaje?

Nimonia isiyo kali hutibiwa nyumbani kwa amoksilini ya kumeza, na watoto wengi hupata nafuu ndani ya siku mbili hadi tatu. Nimonia kali hutibiwa wodini kwa sindano, na atapimwa oksijeni kwa kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole. Kiwango kikiwa chini ya asilimia 90 anahitaji oksijeni, ambayo hupitishwa kwa mirija midogo puani.

Wapo wazazi wanaokataa oksijeni kwa imani kwamba ndiyo inayoua. Naelewa hofu hiyo ilikotoka: wamemwona mtoto wa jirani akiwekewa mirija, kisha akafariki. Lakini aliletwa amechelewa. Oksijeni ni dawa, na mtoto anayeipata mapema ndiye anayekwenda nyumbani.

Je, dawa ya kuvuta ya pumu humfanya mtu awe tegemezi?

Hapana. Dawa ya kuvuta huingia moja kwa moja kwenye mirija ya hewa kwa kipimo kidogo kuliko vidonge. Kuna ile inayofungua kifua wakati wa kubanwa na kuna ile ya kinga, inayotumika kila siku hata mgonjwa akiwa mzima. Akimaliza kuivuta ile ya kinga, asukutue mdomo. Anayeacha ya kinga kwa sababu anajisikia vizuri ndiye atakayerudi usiku akiwa hawezi kumaliza sentensi moja. Asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi apelekwe hospitali mara moja.

Mtu mzima akohoe kwa muda gani kabla ya kupima?

Kikohozi kikifika wiki 2, apimwe makohozi. Akikohoa damu, akipungua uzito au akitokwa jasho jingi usiku, asingoje hata hizo wiki 2. Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida huchukua miezi 6, na kuacha katikati hutengeneza ugonjwa sugu kwa dawa.

Tujikinge vipi?

Mtoto akamilishe chanjo, zikiwemo za nimokoka (bakteria wanaoleta nimonia), surua na kifaduro. Anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Osheni mikono kwa sabuni, kohoeni kwenye kiwiko, fungueni madirisha. Moshi wa jiko na wa sigara uwekwe mbali na mtoto. Mzazi anayevuta sigara chumbani alalapo mtoto mwenye kikohozi asitarajie dawa zetu zifanye kazi peke yake.

Nilimpeleka jana, akapewa dawa na tarehe ya kurudi, lakini leo anapumua haraka zaidi. Nifanye nini?

Mrudishe leo. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ni ya mtoto anayeendelea vizuri. Kama ameshindwa kunywa, pumzi zimeongezeka au kifua kimeanza kubonyea, njoo naye saa hiyohiyo, na uje na dawa alizokwisha kupewa, hata zile ulizompa nyumbani kabla hujaja, bila kuficha hata moja.